Somo Aliyeamuru Maji Yamwagwe

Sijui Somo alizaliwa mwaka gani, na sikuwahi kumuuliza. Mwanamke aliyewafunda mabinti wa nusu ya watu unaowajua huna pa kuanzia kumuuliza umri. Sisi sote tulimwita Somo. Wauza vitambaa walio chini ya jengo lake walimwita Somo pia, wakidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Alikuwa mfupi, mpana, anatembea kama mtu anayekwenda kudai haki yake, na sauti yake ilikuwa balaa. Akiita "Wee!" kwenye ngazi za chini, mtu wa ghorofa ya nne anatafuta viatu, hajui kosa lake ni lipi, lakini anajua analo.

Nilimfahamu nilipokuja Bur Dubai kumlea mtoto wa binti yangu. Nilikuja na nguo za msimu mmoja, nikakaa mpaka mtoto mwenyewe akawa mwari wa kuolewa. Leo mjukuu wangu huyo ni msimamizi wa ghala kule eneo huru la uwanja wa ndege, ana wanaume wazima chini yake, akisema yalla wanakimbia. Nayasema hayo ili mjue, na pia kwa sababu napenda kuyasema.

Kwa wasiojua, somo kwetu pwani ni mwanamke anayekaa na mwari kabla ya harusi kumfundisha mambo ya unyumba: mwili wake, maneno yake, jiko lake, chumba chake. Masomo wengine huanza na udi na singo ya kusugua mwili. Wetu alianza na kopo. Siku alipokuja kwetu kumfunda mjukuu wangu, alimwingiza bafuni, akafunga bomba la mvua kwa mkono wake, akaweka ndoo moja na kopo chini.

"Oga," akamwambia. "Na ubakishe."

"Somo, si maji yapo?"

"Yapo wapi?"

"Kwenye bomba."

"Na kwenye bomba yametoka wapi?"

"Baharini. Yanachujwa, yanatolewa chumvi."

"Yanachujwa kwa nini?"

"Kwa mitambo. Kwa umeme."

"Na umeme ukikatika?"

"Hapa haukatiki, Somo."

"Haya. Basi oga kama mtu ambaye kwao unakatika."

Mtoto alitoka bafuni amenuna, povu bado sikioni. "Bibi, huyu mama amenifanya nioge kama niko kambini!" Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Somo hakucheka. Alitazama ndani ya ndoo, akaona kilichobaki, akasema, "Utafaa. Mume wako atakuchosha, lakini maji hayatakuchosha."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Habari za mapenzi alizisema kwa kifupi na kwa uwazi uliotufanya wazee tutoke chumbani. Habari za maji alizisema kutwa. Mwari wake alijifunza kusuuza mchele na maji yale yale kuyapeleka kwenye mimea, kuosha vyombo ndani ya beseni badala ya chini ya bomba, kutia udhu kwa kikombe cha chai. Ukiacha bomba wazi wakati unasabuni mikono, alikuwa anakupiga kofi la mkono. Nimemwona akimpiga kofi la mkono mke wa mwenye nyumba wake, mwanamke ambaye wengine wote tunamwita madam na kumpisha kwenye lifti. Madam alifunga bomba.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Aliwafundisha mabinti subira katika ndoa, na yeye mwenyewe alikuwa ameolewa mara tatu na kuachika kila mara kwa kutaka kwake. Mjukuu wangu alimtolea jicho siku moja: "Somo, na wewe subira yako iko wapi?" Akajibu, "Niliitumia yote kwa wa kwanza. Wale wawili walikuta chombo kitupu." Alikuwa akisema uongo kwenye simu bila kupepesa macho. Alikuwa anadharau mapishi ya kila mtu. Alitoka kisiwani na aliogopa bahari. Miaka yote aliyokaa Dubai hakuvuka hori kwenda Deira kwa abra, zile boti za kuvushia watu, hata siku moja, alipanda basi akazunguka mbali, akifika anasema jam ilikuwa kubwa, laiti angevuka kwa boti.

Na alikuwa na ndoo zake. Mnajua viyoyozi vinavyodondosha maji nje ya madirisha. Katika jengo zima, kila bomba dogo la kiyoyozi aliloweza kulifikia alilifunga mpira na kulielekeza kwenye ndoo. Kwenye varanda yake kulikuwa na asumini kwenye makopo ya samli, inachanua katika joto ambalo njiwa wenyewe wanashindwa kuruka, na kila ua lile lilinyweshwa jasho la viyoyozi. Nguo zake alifulia maji hayo hayo. Alisema hayana chumvi hata kidogo, na povu lake ni la harusi.

Natur wa jengo, yaani yule mlinzi anayefagia ngazi na kupokea wageni, alikuwa mtu wa Bangladesh, mwembamba, mwenye masharubu. Alimjia juu kwamba ni marufuku.

"Mama Somo! Hadha mamnuu! Ndoo mamnuu! Mudiri anakuja, mimi khalas, kazi hakuna!"

"Mudiri akija mwambie aje kwangu. Nitampa chai."

"Mama, kwa nini wewe kuchukua maji chafu? Maji bombani kathir, kathir!"

"Kwetu hakuna kathir," akamwambia. "Kwetu kisima kimekuwa chumvi."

Nilikuwepo. Yule bwana aliyekuwa anapunga ufagio aliushusha. Akauliza, chumvi vipi? Somo akamweleza kwa Kiswahili, kwa Kiarabu cha sokoni na kwa mikono: bahari inapanda, mvua inaruka msimu, chumvi inapita chini kwa chini mpaka kisimani. Natur akakaa kwenye ngazi. Akasema kwao ni vile vile. Kimbunga kilipita, maji ya bahari yakaingia bwawa la kunywa la kijiji, na mama yake sasa anatembea asubuhi yote kutafuta mtungi mmoja wa maji matamu. Akaonyesha kwa vidole jinsi mama yake anavyotembea, amepinda mgongo. Tangu siku ile hakusema tena mamnuu. Mudiri, yaani msimamizi wa jengo, akija kukagua, natur mwenyewe alikuwa anazificha ndoo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana bila hili Somo mngemwona mama mkali tu wa ghorofani.

Kwao ni kijiji kwenye kisiwa kimoja upande wa kaskazini ya Lamu. Visima vya pale vilikuwa vitamu wakati wa utoto wake. Polepole vikabadilika. Kwanza sabuni ikakataa kutoa povu. Kisha chai ukiitia maziwa yanakatika. Kisha watoto wakaanza kuharisha, na waliokuwa na ndugu bara wakaanza kufunga mizigo, nyumba kwa nyumba. Wanaume wakaenda kutafuta kazi palipo na maji matamu, wake wakafuata, milango ikabaki imefungwa kwa kamba.

Aliyebaki ni dada yake Somo. Dada mkubwa, mjane, mtu mgumu kuliko Somo mwenyewe kama hilo mnaliamini. Wanawe wako bara na kila wiki walimpigia simu: Mama, hama. Mama, tunakuja kukuchukua. Yeye alikataa, lakini sauti yake ilikuwa inapungua, na Somo alikuwa anaisikia inavyopungua.

"Akihama yeye," aliniambia siku moja tukikunja nguo, "kile si kijiji tena, ni mawe. Na mimi nikitoka hapa, kafeel wangu, mwenye viza yangu, akisema khalas nenda kwenu, nitakwenda wapi? Shoga, dada akifunga mlango ule, mimi sina hata pa kuzikwa."

Alisema hivyo huku akikunja shuka, hakuinua macho. Ndiyo mara pekee niliyomsikia anasema kwa sauti ndogo.

Kosa la kwanza lilikuwa lake mwenyewe, na alilibeba kama mzigo wa kichwani, wazi, kila mtu aone. Watu wa kisiwa kile walio hapa, madereva, wafanyakazi wa hoteli za Al Barsha, wauza nguo, walikutana nyumbani kwake kutafuta la kufanya. Somo alisimama katikati ya chumba.

"Hebu tazameni nchi hii," akasema. "Hawa wana mchanga na bahari tu, mto hawana, na bado wanamwagilia majani katikati ya barabara! Sisi bahari imetuzunguka pande zote. Tunashindwa nini?"

Wakapiga makofi. Wakachanga, wakanunua mashine ya kutoa chumvi, wakaipeleka kisiwani kwa mbwembwe. Somo alitangaza habari ile kila harusi. Mashine ikafanya kazi vizuri mpaka mafuta yalipoisha. Wakaleta mafuta, vichujio vikaziba. Wakaagiza vichujio, vikaja vya mashine nyingine. Fundi alisema anakuja kutoka Mombasa, na nadhani bado yuko njiani. Siku moja Somo alimpigia dada yake kuulizia mashine, na simu ilikuwa wazi, mimi nasikia.

"Mashine yako inatoa," dada akasema.

"Alhamdulillahi! Inatoa maji?"

"Inatoa mayai. Kuku mweusi amehamia ndani."

Nilimwangalia Somo. Alikata simu, kisha akacheka kile kicheko chake cha kupiga mapaja. Akasema, "Mimi ndiye kuku mweusi." Basi, hakutafuta wa kumlaumu.

Kisha ikaja ile mvua kubwa ya hapa. Mnaikumbuka, kila aliyekuwa Dubai anaikumbuka. Mbingu ilifunguka juu ya jangwa, barabara zikawa maziwa, magari yakaelea, watu wakapanda juu ya viti ndani ya nyumba zao. Binti yangu alikuwa analilia gari lake. Mimi nilikuwa nasoma dua zote ninazozijua. Tukasikia makelele juu ya paa la jengo la jirani, tukachungulia: Somo yuko paani, buibui limemganda mwilini, amepanga masufuria, mabeseni, ndoo, hata bakuli za uji, na natur yuko naye anakimbiza ndoo zilizojaa. Sufuria zilikuwa zinafurika na yeye anazidi kuleta.

Mvua ilipotulia nilipanda kumtazama. Nilimkuta amesimama kwenye kona ya paa ambapo maji yote yalikuwa yanateremka kuelekea kwenye mfereji.

"Shoga, tazama," akasema. "Paa limeinama kidogo tu. Kidogo tu, na maji yote yamekuja mahali pamoja. Hakuna aliyeyaita."

"Naona. Shuka, utapata homa."

"Sisi tunalo hili. Nyumbani tunalo jabia!"

Jabia, kwa wasiolijua, ni kazi ya mababu wa visiwa vile: sakafu kubwa ya mawe iliyopigwa lipu ya chokaa, imelala kwa mteremko, mvua ikinyesha juu yake yote inatiririka hadi kwenye birika la mawe mwishoni. Kijiji chao kilikuwa na moja, kubwa kama uwanja wa mpira, na kwa kweli vijana waliligeuza uwanja wa mpira tangu visima vilipokuwa vitamu na watu wakalidharau. Lipu ilikuwa imepasuka, miti imeota kwenye nyufa, birika limejaa majani na viatu vilivyopotelewa na wenzao.

Somo alishuka paani ameloa chapachapa na hakupata homa. Alipata kazi.

Mwari akimaliza kufundwa, somo hupewa zawadi yake: doti za khanga, manukato, pengine kidani. Tangu mvua ile Somo alikataa zawadi zote. Alitaka chokaa. Familia ya bibi harusi iwaambie jamaa zake walioko Mombasa au Malindi wapeleke mifuko ya chokaa gatini Lamu, kwa jina la kijiji. Bila chokaa hafundi mtu. Mama mmoja wa Al Barsha, mwenye nyumba inayotazamana na jumba lile kubwa la maduka, alikuja juu.

"Somo gani anayeomba chokaa? Kwani unajenga?"

"Najenga."

"Nimekuletea marashi ya asili kabisa, hata mtoto wa mfalme hajipaki!"

"Jipake wewe, mama. Unayahitaji kuliko mimi. Chokaa."

Tulidhani ugomvi umezuka. Yule mama alitazama kwapa lake, akatutazama sisi, akaanza kucheka mwenyewe, na chokaa ikapelekwa. Ikawa fahari. Wakwe wakaanza kushindana nani chokaa yake imefika mwanzo. Harusi za Dubai mwaka ule zilijenga kisiwani kuliko wakubwa wanavyojenga, na mjukuu wangu mimi alikuwa wa kwanza kati ya maharusi hao. Andikeni hilo.

Lakini tena likatokea kosa, na hili lilikuwa la vijana wa kijijini. Wao walikuwa na haraka, na walikuwa na saruji waliyopewa na mtu. Wakang'oa miti, wakasafisha, wakapiga lipu ya saruji, na maji ya kuchanganyia wakateka kisimani, maji ya chumvi, maana ndiyo yaliyokuwepo. Jua likaipiga. Kabla hata mvua haijaja, lipu ilikuwa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Dada akaelekeza simu ili Somo aone. Alipitisha kidole tu, na kipande kikatoka.

Wakaitwa mafundi wazee wa kisiwa cha pili. Fundi mkuu wao akasema mambo mawili. La kwanza: chokaa mnayo, tumieni chokaa. La pili: chokaa inataka maji matamu, ya kuchanganyia, na baada ya kupigwa inataka kuloweshwa asubuhi na jioni mpaka ishike. Ikikauka haraka, imekufa.

Sasa mnaliona tatizo. Kulikuwa na maji matamu kisiwani, ndiyo, lakini ni yale yaliyoletwa kwa mashua kutoka mbali, ndani ya mitungi ya plastiki, kila nyumba na mtungi wake wa kunywa. Fundi alikuwa anataka mitungi hiyo imwagwe sakafuni.

Simu ilipigwa baada ya alasiri. Tulikuwa kwa Somo, mimi na wanawake wengine, tunakunja sambusa. Kwenye simu walijazana wanawake wa kijiji, na mbele yao dada mtu, amekaza mtandio.

"Wewe mtoto," dada akaanza, "sikiliza anavyosema huyu fundi. Anataka tumwage maji ya kunywa. Juu ya mawe. Mwambie anaumwa."

Somo alifuta unga mikononi. Sisi tukamtazama. Huyu ndiye aliyenipiga kofi kwa tone. Huyu ndiye aliyetia udhu kwa kikombe cha chai.

"Mwageni," akasema.

"Nini?"

"Mwageni, dada. Yote. Muweke ya watoto na ya wagonjwa. Mengine mwageni sakafuni."

"Umelewa kiyoyozi!" dada akapiga kelele. "Uko huko unafungua bomba, unaniambia mimi nimwage! Mvua isipokuja je? Wanangu wamekwisha leta mashua ya kunichukua mara moja nikairudisha. Mvua isipokuja nitakuwa sina maji, sina kijiji, na nitachekwa!"

"Mvua isipokuja utakwenda kwa wanao, na mimi ndiye nitakayewaambia wakuchukue. Nakuapia. Lakini mawe yale yakifa, hata ikija mvua ya Nuhu itapita. Dada. Unanijua. Mimi nimewahi kumwaga maji?"

Kwenye simu tulisikia mbuzi. Wanawake wa nyuma wakawa wananong'ona. Mimi moyoni nilikuwa upande wa dada, sifichi. Ningekuwa pale ningeukumbatia mtungi wangu na kuukalia.

Dada akavua mtandio, akauzungusha, akaufanya kata ya kichwani. Akasema, "Leteni mtungi wangu. Wa kwanza uwe wangu, mtu asije akasema." Na tukamwona, kwa macho yetu, kwenye kioo cha simu kilichojaa unga wa sambusa, akitembea juu ya ile sakafu nyeupe akimwaga maji matamu polepole, kwa mkono, kama mtu anayenyunyiza marashi kwa wageni. Nyuma yake wakaja wengine.

Somo alirudi kwenye sambusa. Zote alizokunja baada ya hapo zilifumuka kwenye mafuta. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Lipu ilishika. Fundi akaigonga kwa kidole, ikalia kama sahani. Kilichobaki ikawa mvua, na mvua haikuja. Vuli ilipita mbali, ikanyesha baharini ambako haina kazi. Watu walipunguza kunywa. Mwana wa dada alikuja akafunga godoro la mama yake kwa kamba, akaliweka mlangoni, akasema nitarudi na mashua kubwa. Somo alikonda. Ndiyo, yule mpana, alikonda mpaka bangili zikawa zinamtoka. Alifunda mabinti kama kawaida, akawapiga kofi kama kawaida, lakini kila simu ikilia alikuwa anaitazama kwanza kabla ya kuishika, kama mtu anayeshika sufuria ya moto.

Ilikuja asubuhi, sisi tumekaa na chai. Simu ikalia, Somo akaipokea, na hatukusikia neno lolote, makelele tu: ngurumo, mabati, watoto wanapiga mayowe. Somo akawa anaita, "Dada! Dada! Sikusikii!" Na dada naye anaita, "Unasemaje? Sikusikii!" Wakaitana hivyo, dada kwa dada, hakuna anayemsikia mwenziwe, na sisi tukaanza kuelewa ni kelele ya nini. Kisha simu ikageuzwa, tukaona. Sakafu yote nyeupe ilikuwa inatembea. Maji yameshikana kama shuka, yanateremka, yanaingia birikani kwa mlio wa koo la ng'ombe, na pembeni wanawake wamesimama mvuani na nguo zao, hakuna anayekimbilia ndani, na godoro lile la mlangoni limeloa limekuwa zito, hata mtu akitaka kulibeba hawezi.

Somo alipiga kigelegele. Wallahi, jengo lilitikisika. Alitoka nacho mlangoni, akashuka nacho ngazi, na sisi nyuma yake. Natur alikuja mbio na ufagio, anadhani mtu amekufa. "Mama, shu? Shu? Nini?" Somo akamshikia simu usoni. Yule bwana akatazama. Akatazama tena. Akaanza kupiga makofi peke yake, ufagio uko chini. Mwezi haukuisha kabla hajaja kutuonyesha picha ya kwao: mama yake amesimama kando ya tangi, mfereji umetoka kwenye bati la nyumba, mgongo wake bado umepinda lakini anacheka na meno yake yote mawili. Hakuacha kutuonyesha picha ile. Ukimwuliza mzigo umefika, anakuonyesha picha ya mama yake.

Somo alirudi kwao mwaka uliofuata. Hakusubiri kafeel aseme khalas. Alisema yeye, na akamwachia madam maagizo ya namna ya kufunga bomba. Asumini aligawa. Mimi nilimsindikiza uwanja wa ndege, akanigombeza mpaka langoni kwa sababu ya kanzu niliyovaa.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, nilipokwenda nyumbani kwa likizo na nikasema siwezi kufika pwani nisiende. Nilifika kijijini asubuhi kwa boti ya injini, nimetapika njia nzima. Nilitarajia nitapokelewa. Nilimwona kwa mbali amesimama juu ya kitu cheupe kinachong'aa, nikamkimbilia na mikono wazi.

"Simama hapo hapo! Viatu! Vua viatu, mwanamke! Unaniletea uchafu wa Dubai juu ya maji ya watu?"

Nikavua. Ndipo akanikumbatia, na alikuwa amenenepa tena, alhamdulillahi, mikono yangu haikukutana mgongoni mwake. Dada yake alikuwa kivulini na fimbo, kazi yake kufukuza mbuzi na vijana wenye mipira. Vijana wamepewa uwanja mwingine, lakini yeye anasema anawajua. Wawili hao waligombana mbele yangu juu ya chai: nani apike, nani ameweka sukari nyingi. Chai ilikuwa ya maziwa. Maziwa hayakukatika. Nilikunywa vikombe mpaka nikaona haya.

Tulitembea kijijini. Milango ile ya kamba, mingi ilikuwa wazi. Nyumba moja ilikuwa inaezekwa upya, mwanamume yuko juu, mkewe chini anamrushia matusi na misumari. Somo alinionyesha kila nyumba kwa kidevu: hawa wamerudi, hawa wamerudi, hawa walirudi wakajifanya hawakuondoka.

"Na visima?" nikamuuliza.

"Bado chumvi. Na bahari inazidi kuja, sitakudanganya. Mwaka jana ilikuwa pale, sasa ipo hapa." Akaonyesha kwa mguu. "Ije. Itakuta watu."

Tulipokuwa tunarudi kwa dada, tuliona wanaume wamekaa ukingoni mwa jabia, wageni, wamevua viatu bila kuambiwa na kuvipanga safu. Walikuwa wazee wa kijiji cha upande wa pili wa kisiwa. Mmoja alisimama, akakohoa, akaanza kwa heshima zote: Somo, sisi na wewe tumegombana zamani kwa mambo ya mipaka, na mambo ya ndoa ya binamu yako, na mengine.

"Na mengine mengi," Somo akasema.

"Na mengine mengi. Lakini na sisi tunalo jabia. Lina mti katikati."

"Mti mkubwa?"

"Mkubwa."

"Mna chokaa?"

"Hatuna."

Somo alinigeukia mimi, mbele ya wazee wale waliovua viatu, akaniuliza kwa ile sauti ya ngazini, "Shoga, Dubai mwaka huu kuna harusi ngapi?"